Fahamu: Kwa nini fyuzi ya plagi haikulindi unapotumia drili
Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na plagi nyingi za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13. Wengi huiamini kama kinga yao. Sivyo. Fyuzi hulinda waya usiungue. Sehemu ya kumi tu ya ampea moja ikipita kifuani yaweza kusimamisha moyo, na fyuzi isikatike.

Kinachookoa maisha ni RCD, swichi inayokata umeme mara unapovuja miliampea 30. Fundi mwenye leseni aifunge kwenye kisanduku cha umeme.

Drili yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ethi, lakini maji bado ni hatari. Waya wa drili ukichunika, usiuzungushie selotepu. Ubadilishe wote.