Taa ya Oili Katika Pikipiki Kongwe: Ikiwaka Ufanyeje?



Wapo miongoni mwetu ambao bado wanazo Yamaha za zamani, DT125 na DT175, na wakati wa mavuno ndizo zinazochukua polo la karafuu kavu mpaka kituo cha ZSTC. Yafaa tuzungumze juu ya taa yake moja ndogo, maana kuipuuza kwaweza kumgharimu mtu injini, au roho yake.

Nilikuwa Kifungilo, katika milima ya Usambara karibu na Lushoto, kwa mpwa wangu ambaye ni bwana shamba. Kila tukipanda mlima taa ya oili huwaka. Tukifika tambarare huzimika. "Mjomba, hiyo inacheza tu," akaniambia, "waya zimelegea." Kumbe waya ni nzima. Oili imebaki kidogo, na pikipiki ikiinama oili huhama upande mmoja, boya la ndani ya tangi likaanguka na taa ikawaka. Siku ya pili yake alipokuwa akiteremka kwenda Mombo kwa njia ya Soni, injini ilishika na gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Aliwahi kukamata klachi, ndiyo salama yake.

Sababu ni hii. Injini hizi ni za mipigo miwili. Oili yake haikai chini ya injini, bali hukaa katika tangi lake mbali, na pampu huipeleka kidogo kidogo ikaungua pamoja na petroli. Ikimalizika, pistoni hukauka na kushikana na silinda.

Basi kila asubuhi iulize taa yako hivi:

1. Fungua ufunguo, gia iwe nyutro. Taa sharti iwake. Isipowaka, globu imeungua au waya umekatika. Tengeneza kwanza, kwani taa iliyokufa haionyi.

2. Tia gia. Taa sharti izimike. Ikibaki inawaka, usiondoke. Fungua tangi la oili utazame kwa macho yako, kisha ujaze oili ya injini za mipigo miwili.

3. Ikiwa tangi limejaa na taa bado inawaka, chomoa waya wa boya. Taa ikizimika, boya limekwama au limeharibika. Isipozimika, waya umechubuka na kugusa chuma, au swichi ya nyutro ni mbovu.

4. Ikiwa tangi lilikauka kabisa, kujaza peke yake hakutoshi. Upepo umekwisha ingia katika mpira wa oili. Fundi alegeze skrubu ndogo ya pampu mpaka mapovu yaishe, na wakati huo petroli ichanganywe na oili, sehemu 1 kwa 20.

Kumbukeni pia kwamba taa hii hutazama tangi tu, haitazami pampu. Tangi likijaa na pampu ikaharibika, taa haitasema neno. Mwenye kuona oili yake haipungui kabisa kwa siku nyingi asifurahi, bali aende kwa fundi.

Katika mteremko mrefu, moto ukifungwa kabisa pampu hutoa oili kidogo mno huku injini ikizunguka kwa kasi. Fungua moto kidogo mara kwa mara, na vidole visiwe mbali na klachi.

Wenye Boxer, TVS na nyingine za mipigo minne, oili yenu hukaa chini ya injini na hupimwa kwa kijiti au kioo. Taa ya kijani yenye herufi N ni ya nyutro tu, si ya oili.

Chupa ya oili ni rahisi kuliko silinda mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.