Madoa miguuni na kuhara damu: Huenda ni ugonjwa mmoja

MFANYABIASHARA wa mpakani akianza kuhara damu, kwanza husema ni amiba. Hununua vidonge duka la dawa na kuendelea na safari. Si ajabu, kwani amiba na bakteria ndio visababishi vya kawaida katika ukanda wetu.

Hata hivyo, yapo maradhi ya utumbo yasiyopona kwa dawa hizo. Nayo ni ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Katika maradhi haya, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo. Mgonjwa huhara kwa wiki kadhaa, hupata nafuu, kisha hali hurudi.

Mara chache, kinga hiyo hushambulia pia mishipa midogo ya damu katika ngozi. Mishipa huvimba na kuvujisha damu, na madoa mekundu au ya zambarau hutokea miguuni. Ukiyabonyeza hayafifii. Kwenye ngozi nyeusi rangi huenda isionekane vizuri, lakini ukipapasa utahisi yameinuka.

Tatizo ni kwamba wengi hupeleka madoa kwa mtaalamu wa ngozi na tumbo kwa muuza dawa, hivyo hakuna anayeyaona yote mawili. Mweleze daktari dalili zote. Mwonyeshe pia pakiti za dawa ulizotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa zenyewe huweza kuvimbisha mishipa hiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinaweza kuamsha ugonjwa wa utumbo.

Daktari atapima choo ili kutafuta vijidudu, na mkojo ili kujua kama figo zimeguswa. Anaweza pia kukata kipande kidogo cha ngozi; wahi, maana doa jipya hutoa jibu bora. Atachunguza kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana sana na Crohn.

Usijinunulie prednisoloni. Huweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha, na ukishaitumia kwa muda mrefu ni hatari kuiacha ghafla.

Kwa wanaorejea nyumbani kutoka ukimbizini, ombeni karatasi zenu za matibabu kabla ya kuondoka. Daktari mpya hawezi kukisia mliyotibiwa ng'ambo ya mpaka.

Madoa yakiambatana na homa au mkojo wenye damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mzigo unaweza kungoja.