Je, Wajua? Mbano wa Mtutu Ndio Unaoamua Shabaha ya Marisau

Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani, imesingiziwa kwa miaka mingi kwamba haihitaji shabaha, kana kwamba mwindaji akiuelekeza mtutu upande waliko kanga, chembe za marisau zenyewe zitamtafutia kitoweo. Dhana hiyo ni potofu na ina madhara, kwa kuwa ndege aliyepigwa chembe mbili tatu za mbawa au tumbo hukimbilia kichakani na kufia huko bila kumfaidi yeyote.

Siri ya silaha hii imo katika sentimita chache za mwisho wa mtutu, ambako tundu hupunguzwa kipenyo kidogo, na upungufu huo ndio unaoitwa hapa mbano. Mtutu wa kipimo cha 12, yaani ule ambao gololi 12 za madini ya risasi zinazoenea tundu lake zina uzito wa ratili moja, una kipenyo cha takriban milimita 18.5, na mbano kamili hupunguza milimita moja tu. Milimita hiyo moja huzisukuma ndani chembe za pembeni, zikatoka zikiwa zimekaribiana na kuchelewa kutawanyika. Mafundi wa Uingereza na Marekani waliueneza ufundi huu katika miaka ya 1870, na kipimo chake hadi leo ni duara la sentimita 76 lililochorwa kwenye karatasi umbali wa mita 37 hivi: mbano kamili huingiza humo asilimia 70 ya chembe, nusu mbano asilimia 60, na mtutu usiobanwa asilimia 40. Kwa risasi yenye chembe 250, tofauti hiyo ni kati ya chembe 175 na chembe 100, yaani chembe moja kwa kila eneo la sentimita 5 kwa 5, au moja kwa sentimita 7 kwa 7, eneo ambalo kichwa cha kanga hupenya bila kuguswa. Tena huo ni wastani, kwani chembe hazijipangi sawasawa, na zile zilizobonyea baruti ilipolipuka huacha njia na kupotea.

Wawindaji wa bata mzinga mwitu huko Marekani, ambao hulenga kichwa na shingo pekee, wameutukuza mbano mkali kuliko wote, lakini kuwaiga bila kufikiri si busara. Katika mita 10 mbano huo hutoa fungu dogo sana la chembe, ambalo ama humkosa ndege kabisa ama humharibu asifae hata kuliwa. Mbali na mbano, jambo linalosahaulika zaidi katika shabaha ni shavu. Bunduki hii kwa kawaida haina alama ya nyuma ya kulengea, hivyo jicho ndilo linaloshika nafasi hiyo, na mwindaji anayeinua shavu kutoka kwenye kitako ili amwone ndege vizuri huwa ameliinua jicho, naye hupiga juu. Makosa mengi yanayosingiziwa bunduki yanatoka hapo.

Kukosa shabaha kuna madhara mengine pia: kila chembe isiyompata ndege hubaki ardhini. Kanga humeza changarawe ili firigisi isage chakula, naye hawezi kutofautisha changarawe na chembe ya madini ya risasi, ambayo husagwa, huyeyushwa na asidi na kuingia katika damu kama sumu. Tai anayekula mzoga wa ndege aliyejeruhiwa huipata sumu hiyohiyo. Marekani ilizuia madini hayo katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na jimbo la California likayazuia katika uwindaji wote mwaka 2019. Nchini Tanzania, ambako tai wanazidi kupungua, suala hili halijapewa uzito linaostahili. Chembe za chuma ni mbadala, ingawa ni nyepesi, hupoteza kasi mapema na hazifai kupitishwa katika mitutu ya zamani yenye mbano mkali.



Kwa upande wa sheria, katika hifadhi za taifa za Tanzania, kama ile ya Arusha, hakuna uwindaji wa aina yoyote, na kwingineko kunakoruhusiwa uwindaji kibali hutolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwenye kibali na apeleke kwanza bunduki yake kwenye uwanja halali wa shabaha, apige karatasi tatu kwa risasi ileile atakayowindia, ahesabu matundu katika kila duara, na asiyepata nafasi ya kufanya hivyo asifyatue kwa ndege aliye mbali zaidi ya mita 25.