Maktaba bila maswali ni ghala la vitabu tu

Mwanzoni mwa mwaka jana nilialikwa na walimu wa shule moja ya msingi niwasaidie kuanzisha kipindi cha maktaba. Mwalimu mkuu alinipeleka hadi kwenye chumba safi chenye rafu nne. Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri ajabu, na mlangoni palikuwa na kufuli kubwa.

“Tunahofia watoto wataviharibu,” akaniambia.

“Sasa wanaingia lini?” nikamuuliza.

Akacheka kidogo. “Hilo ndilo tumekuitia, Mwalimu.”

Tukafungua. Wanafunzi wa Gredi ya 5 wakaingia kwa kunyata, kana kwamba wameingia msikitini au kanisani. Wiki hiyo darasani walikuwa wakisoma kuhusu majirani zetu, basi nikawapa swali moja tu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama ngapi? Kila kundi litafute jibu kwenye kitabu.

Dakika kumi hazikuisha kabla ya zogo kuanza. Kundi moja lilisema nchi tatu. La pili likasema tano. La tatu likasema sita. Mvulana mmoja aliyekuwa amesikia habari redioni akashikilia kuwa ni nane, na hana kitabu cha kumtetea. Ndipo msichana mmoja aliponyanyua kitabu chake juu, akaniuliza kwa uchungu: “Mwalimu, kwani hiki kitabu kinadanganya?”

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Kitabu chake hakikudanganya. Nilimwomba afungue ukurasa wa hakimiliki, ule ambao watoto huuruka na watu wazima pia, asome mwaka wa kuchapishwa. Kilichapishwa baada ya 2007, mwaka ambao Rwanda na Burundi zilijiunga na Kenya, Uganda na Tanzania. Kile cha nchi tatu kilikuwa cha zamani zaidi. Kile cha nchi sita kilichapishwa baada ya Sudan Kusini kuingia mwaka 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga 2022, Somalia ikafuata 2024. Kwa hivyo mvulana wa redio ndiye aliyekuwa na jibu la leo, na kila kitabu kilikuwa na jibu la siku zake. Watoto wale walijifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote kati ya vile walivyoshika: kabla ya kuamini jibu, uliza limetolewa lini na nani.

Wataalamu wana jina la stadi hii. Mmarekani Paul Zurkowski ndiye aliyeliingiza katika mijadala ya maktaba mwaka 1974. Kwa Kiswahili wapo wanaosema “usomi wa habari”, wengine “ujuzi wa habari”. Mimi napendelea umilisi wa taarifa, na nina sababu yangu. Neno taarifa lina udugu na kuarifu na maarifa. Yote matatu yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujua. Lakini udugu haumaanishi kufanana. Taarifa ni kile unacholetewa. Maarifa ni kile kinachobaki nawe baada ya kukipima na kukitumia. Kumvusha mtoto kutoka taarifa hadi maarifa ndiyo kazi ya maktaba ya shule.

Waama, Mtaala wa Umilisi unaitaka kazi hii. Kati ya umilisi saba wa kimsingi unaotajwa na mtaala huo, mmoja ni kujifunza namna ya kujifunza, na mwingine ni kuwaza kwa kina na kutatua matatizo. Je, hali halisi ikoje? Mtoto anapewa kazi ya kutafiti, mzazi anakimbilia saiba, anamlipa kijana wa pale, kurasa tatu zinachapishwa, na asubuhi zinafikishwa kwa mwalimu zikiwa bado zanukia wino. Mtoto hajazisoma. Pengine hata lugha iliyotumika humo haielewi. Yule ambaye mzazi wake hana simu ya kisasa wala hela za kuchapisha anakuja mikono mitupu na kuonekana mzembe. Ndiyo maana nasema suala hili si la anasa. Shule isipomfundisha mtoto kutafuta, itakuwa inapima mfuko wa mzazi.

Tulianzia wapi basi? Tulianza na kamusi.

Nilidhani hiyo ni sehemu nyepesi. Nikaandika ubaoni maneno matatu: nyufa, vyeo na akasimangwa. Wengi wakaenda moja kwa moja kwenye N, V na A, wakarudi wakisema, “Haimo, Mwalimu.” Hapo nikagundua kwamba kutafuta neno katika kamusi ya Kiswahili si sawa na kulitafuta katika kamusi ya Kiingereza. Neno la Kiingereza mara nyingi hubadilika mkiani, kwa hivyo mtoto atalikuta papo hapo au karibu. Neno la Kiswahili hubadilika kichwani. Nyufa zimo kwenye ufa, vyeo vimo kwenye cheo, na akasimangwa humpati mpaka umvue viambishi, a-, -ka- na -w-, ubaki na simanga. Anayejua ngeli na viambishi ndiye anayejua kuifungua kamusi. Mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa pembeni akaniambia kwamba kwa miaka amefundisha ngeli kama mada ya mtihani, na hajawahi kuwaonyesha watoto kuwa ngeli ni ufunguo.

Baada ya hapo tuliandaa mpango wa mihula mitatu, kipindi kimoja kila wiki.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa kuijua maktaba: jinsi vitabu vinavyopangwa kwa mada, matumizi ya kamusi, na tofauti kati ya yaliyomo, ambayo huwa mbele ya kitabu, na faharasa, ambayo huwa nyuma. Tulibandika karatasi za rangi migongoni mwa vitabu, kijani kwa kilimo na mazingira, bluu kwa sayansi, nyekundu kwa hadithi, na kadhalika. Gharama yake ilikuwa gundi na manila.

Muhula wa pili tulijifunza kutafuta na kupima. Kila swali lilitoka darasani, wala halikubuniwa kwa ajili ya maktaba. Tulikubaliana hivyo mapema, kwa sababu kipindi cha maktaba kilichotengwa na masomo mengine hugeuka kuwa muda wa kusinzia. Kila jibu lilihitaji vyanzo viwili. Vikitofautiana, mtoto aeleze ni kipi anachokiamini na kwa nini.

Muhula wa tatu ulikuwa wa kutumia. Mtoto anafunga kitabu kwanza, kisha anaandika alichoelewa kwa maneno yake, na chini anataja jina la kitabu, mwandishi na ukurasa. Hapa ndipo walipolia zaidi. “Mwalimu, si ni rahisi kunakili tu?” Ni rahisi, nikawajibu, ila ukinakili utakuwa umebeba maji kwa pakacha.

Kwa madarasa ya juu tulifuata hatua sita ambazo Wamarekani Mike Eisenberg na Bob Berkowitz walizieneza tangu 1990: kulielewa swali, kuwaza ni wapi jibu linaweza kupatikana, kulifikia, kulisoma na kuchota yanayofaa, kuyaunganisha, na mwisho kujitathmini. Watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wanatosheka na tatu: panga, fanya, kagua.

Vikwazo havikukosa. Shule haikuwa na mkutubi, na mwalimu aliyepewa jukumu hilo ana vipindi vingine chungu nzima. Tukateua wakutubi wadogo wawili kutoka kila darasa, wakawa ndio wanaoandika daftari la kuazima na kuwadai wenzao vitabu. Nawahakikishia, hakuna mkutubi mkali kama mtoto wa miaka kumi aliyekabidhiwa daftari! Baadhi ya wazazi nao walilalamika kwamba kazi za watoto wao sasa zilikuwa fupi na zenye mwandiko wa ovyo, si kama zile za saiba. Ilibidi waitwe wakaelezwa.

Nilirudi mwezi Novemba. Vitabu kadhaa vilikuwa vimepoteza majalada, na mwalimu mkuu alinionyesha kwa masikitiko. Nikamwomba anionyeshe pia vile ambavyo bado ni vipya. Vilikuwa vichache, na vingi kati yake havikuwa na rangi mgongoni; vilisahaulika tulipokuwa tukibandika. Alinitazama, akanyamaza. Kufuli haikuwepo mlangoni. Ilikuwa imewekwa juu ya meza, imekandamiza karatasi zisipeperuke.

Msichana wa swali la Jumuiya alinijia na kauli ambayo wenzake walikuwa wameshaizoea. Nilikuwa nimemwambia kwamba chumba kile kilikuwa ghala la chaki kabla ya kuwa maktaba. Akanikazia macho, akauliza, “Umejuaje, Mwalimu?”

Nilimweleza aliyeniambia. Nawe, msomaji mpenzi, jioni ya leo mwanao akikuletea jibu, liwe sahihi au la, usikimbilie kumsifu wala kumkemea. Muulize kwanza swali hilo hilo.