Je, Wajua? Nzuguni na Dodoma Hazina Herufi ya Pamoja

Je, wajua kuwa NZUGUNI na DODOMA hazina hata herufi moja ya pamoja? Hata moja! Nzuguni ni kata iliyomo ndani ya jiji la Dodoma, lakini herufi zao hazijuani. Usiniamini, zipitie kwa kidole.

Kuna lugha ya kompyuta inayokata shauri hilo kwa alama moja tu. Inaitwa APL. Andika 'NZUGUNI'∩'DODOMA' nayo inakurudishia mstari mtupu. Hiyo ndiyo seti tupu, ndugu yangu!

Wajua aliyeitunga? Ni Kenneth Iverson, Mkanada aliyezaliwa 1920. Alianza kuiandika kwa chaki akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, kitabu chake kikatoka 1962, na mwaka 1966 ndipo watu wakaketi mbele ya mashine za IBM wakaanza kuitumia. Lugha ya kompyuta iliyozaliwa ubaoni!

Na mwaka huohuo wa 1962, pale Entebbe, Uganda, wataalamu wa hisabati wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana kuandika vitabu vipya vya shule. Seti zikajaa humo. Kama una babu aliyesoma sekondari enzi hizo, mtajie "hisabati ya Entebbe" uone atakavyoguna.

Alama hiyo ∩ ya makutano ya seti, na mwenzake ∪ ya muungano, ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe. Mwitaliano Giuseppe Peano alizitumia mwaka 1888!

Sasa jishikilie. Kama uko stendi kuu ya mabasi hapo Nzuguni, soma vibao vya magari: Morogoro upande huu, Singida upande ule. Darasani ulifundishwa kwamba A∩B ni sawa na B∩A, na ukibisha unakosa maksi. APL haina habari! 'DODOMA'∩'MOROGORO' inatoa OOM. Geuza, uanze na Morogoro: unapata MOOOO! Inapita neno la kushoto herufi kwa herufi na kubakiza kila iliyomo kulia, hata ikijirudia mara 4. Je, unataka seti safi, isiyo na marudio? Tanguliza ∪ peke yake: ∪'DODOMA' inakupa DOMA, basi.

Kutoa nako kuna raha yake. 'SINGIDA'~'DODOMA' inabakiza SINGI. Ingekuwepo M mbele tungekuwa na msingi, lakini tusidai makubwa.

Alama ∊ inauliza, "Imo?", na majibu yake ni mawili tu: 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana. Iulize 'NZUGUNI'∊'AEIOU' ikujibu 0 0 1 0 1 0 1. Weka +/ mbele yake, unapata 3, ndiyo idadi ya irabu. Umehesabu neno zima bila kuandika "rudia" wala "ikiwa"!

Na wajua kuwa 2×3+4 katika APL ni 14? Inaanzia kulia kwenda kushoto: 3+4 kwanza. Mwalimu wako wa darasa la 5 angeshika kiboko.

Zamani, kuchapa alama hizi kulihitaji kichwa maalumu cha mviringo kwenye mashine ya IBM, chenye alama 88. Zisipotosha, unarudi nyuma na kuchapa alama moja juu ya nyingine, ikazaliwa ya tatu!

Tanzania je? Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Naam, kompyuta, pamoja na televisheni!

Mkoa wa Dodoma una wilaya 7. Unaweza kuunda seti ngapi tofauti kutokana nazo? Ni 128, seti tupu ikiwemo. Panda hadi mikoa 31 ya Tanzania, Zanzibar ikiwemo: seti 2,147,483,648! Katika APL unaandika 2*31 tu (humo * ni kipeo, si kuzidisha), imekwisha.

Bado seti tupu ina vituko. Iambie APL ijumlishe vilivyomo ndani yake, inasema 0. Vizidishe, inasema 1, bila hata kusita. Kisha iulize ni namba gani iliyo ndogo kuliko zote humo ndani, nayo inakutolea namba yenye tarakimu 309!