Nipigeni mawe, lakini mastaa wa Simba leo nawasema!

MPENZI msomaji, kama wewe ni mnazi wa Simba na presha inakusumbua, anza kwanza na ukurasa wa nyota zako. Hii makala uirudie ukishakula ukashiba. Wiki hii natia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Mimi mwenyewe ni Simba damu. Mhunze hii, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, ni nchi ya pamba na vumbi, mbali kabisa na Mtaa wa Msimbazi. Lakini jaribu kusema neno baya juu ya Okwi pale kwenye kijiwe cha bodaboda uone kama utapata wa kukubeba hadi Kolandoto. Utakwenda kwa mguu, mshikaji!

Ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kusema. Karatasi haipigwi ngumi.

Hoja yangu ni moja tu: sisi mashabiki hatuwapendi wachezaji wetu wa zamani. Tunapenda dakika zao. Anayetupa dakika moja tamu ya kumcheka mtani tunamwimba miaka hamsini, aliyetufanyia kazi kubwa tunamsahau kabla jasho lake halijakauka. Unabisha? Twende taratibu, mmoja baada ya mwingine.

KIBADENI: HETI-TRIKI SIYO KAZI YAKE KUBWA

Naam, naanza na mfalme mwenyewe, Abdallah Kibadeni 'King Mputa'. Julai 19, 1977, Simba iliichapa Yanga mabao 6-0. Kibadeni alitupia matatu, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyefunga mabao matatu peke yake katika mechi ya ligi ya watani hawa. Heshima yake naitambua.

Lakini nasema hivi: kazi kubwa ya Kibadeni siyo ile. Kazi yake kubwa aliifanya akiwa kocha, mwaka 1993, alipoifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Vijana wake walikwenda Abidjan wakawabana Stella kwao, 0-0. Marudiano Dar es Salaam tukalala 2-0, kombe likaondoka.

Sasa hesabu mwenyewe. Mabao ya mtani hulipwa. Yanga walitupiga 5-0 mwaka 1968, tukalipa kwa sita mwaka 1977. Sisi tukawapiga 5-0 Mei 6, 2012, wao wakaja kutupiga 5-1 Novemba 5, 2023. Ni mchezo wa kupokezana vijiti. Lakini baada ya fainali ile ya 1993, Simba ilikaa miaka 32 hadi kuingia fainali nyingine ya Afrika, ile ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco, Mei 2025. Kipi kigumu hapo?

Hoja hii nilimpelekea babu mmoja wa hapa, mkulima wa pamba, ambaye mechi ya 1977 aliisikiliza kwenye redio na hadi leo anaitangaza kwa sauti ya mtangazaji.

"Mwadila, Babu. Hivi 1993 unaikumbuka?"

"Mjukuu wangu," akanijibu bila hata kufikiri, "1993 tulifungwa. Nani anakumbuka kufungwa?"

Basi ugonjwa wetu wote uko kwenye jibu la Babu. Na siyo wazee peke yao. Mwaka 2013 Kibadeni alirudi Simba kama kocha. Oktoba 20 timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 3-0 mbele ya Yanga, ikarudi ikasawazisha zote, 3-3. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameonyeshwa mlango. Mfalme gani anafukuzwa hivyo? Mabao yake ya 1977 tuliyabakiza, yeye mwenyewe tukamwambia aende.

KASEJA NI MKUBWA KULIKO OKWI

Hapa najua chupa za maji zitaruka. Tulieni kwanza!

Emmanuel Okwi simpingi kwa mpira. Alitoka SC Villa ya Uganda akaja akatupa raha. Katika zile tano za 2012 alifunga mawili. Msimu wa 2017/18 alicheka na nyavu mara 20, akawa mfungaji bora, na Simba ikachukua ubingwa iliokuwa haijaugusa tangu 2012. Haya yote nampa kwa mikono miwili.

Ninachouliza ni kitu kingine. Januari 2013 Okwi aliuzwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha ambazo Simba ilizifuata hadi FIFA. Kabla vumbi halijatulia, Desemba 2013, huyo Okwi katua Jangwani na jezi ya kijani! Tukalia, tukatukana, tukaapa. Aliporudi Msimbazi mwaka 2014 tulimpokea kama bwana harusi.

Sasa mtazame Juma Kaseja. Kipa huyu ndiye aliyekaa langoni siku Zamalek wanavuliwa ubingwa wa Afrika mwaka 2003. Katika zile tano za 2012 naye kafunga moja, kwa penalti. Mwaka 2013 klabu ndiyo iliyomwacha, si yeye aliyekimbia. Mtu ameachwa, ana familia, Yanga wanamwita, asiende? Akaenda. Desemba 21, 2013, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba ikashinda 3-1 na Kaseja akafanya kosa langoni. Hapa Mhunze watu walicheka hadi kukaa chini. Walikuwa wanamcheka mtu aliyewalinda miaka nenda rudi!

Wote wawili walivaa kijani mwishoni mwa mwaka ule ule. Mmoja tulimsamehe kwa sababu anafunga. Mwingine tulimnunia kwa sababu kazi ya kipa huonekana siku anayokosea tu. Na Kaseja hakufa. Mwaka 2019, watu wakiwa wameshamzika kisoka, aliitwa Taifa Stars, tukawatoa Kenya kwa mikwaju ya penalti kule Nairobi, kisha Burundi kwa mikwaju hiyo hiyo Dar es Salaam. Wale wale waliomcheka walikuwa wanarukaruka barabarani.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague sanamu ya kuweka pale Msimbazi, naweka kipa. Okwi atasubiri foleni.

SAMATTA SIYO WETU

Jamani, tuache kujipendekeza! Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akalelewa African Lyon, Simba akapita kama abiria wa basi anayeshuka kununua maji. Mwaka 2010 kasajiliwa, mwaka 2011 TP Mazembe wamemwona akicheza dhidi yao, wamemchukua. Basi!

Yaliyofuata yote ni ya kwake na ya Lubumbashi. Kombe la klabu bingwa Afrika 2015, tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara aliyoipokea Januari 2016, halafu Genk ya Ubelgiji, halafu Aston Villa mwaka 2020. Sisi tulichofanya ni kumpa jezi na kupokea pesa ya mauzo. Kijana wa Simba anayeringa kwa Samatta ni sawa na mwenye nyumba anayeringa kwa digrii ya mpangaji aliyehama zamani.

Hili si la kumtukana Samatta, ni la kumheshimu. Alitoka kwa bidii yake. Tukidai kwamba sisi ndio tuliomtengeneza, tutaacha kuuliza swali lenye maana: tumemtengeneza nani?

BOBAN: KIPAJI HAKITOSHI

Hili nalipitia haraka maana mashabiki wa Haruna Moshi 'Boban' wana hasira za karibu. Miguu ile Mungu aliitengeneza siku ambayo hakuwa na kazi nyingine. Alikuwemo kwenye kizazi kilichochukua ubingwa wa 2009/10 bila kupoteza mechi. Mwaka huo huo wa 2010 akapata timu Sweden, Gefle. Muda si mrefu alikuwa amerudi. Kila tukimkumbuka tunasema "angetaka, angefika mbali". Mimi nasema neno hilo "angetaka" ndilo kubwa kwenye mpira. Mdogo wako mwenye kipaji umsimulie Boban yote, pasi zake na safari yake. Usimsimulie nusu.

ALIYEPIGA PENALTI YA MWISHO

Hapa naomba utani tuuweke pembeni kidogo.

Mwaka 2003 Zamalek ya Misri ilikuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, ikaja mikwaju ya penalti. Tukashinda 3-2. Mkwaju wa mwisho, ule uliomvua mtu ubingwa kwake mbele ya watu wake, aliupiga Christopher Alex Massawe. Ndio uliotuingiza kwenye makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, ambayo mwaka huo iliondoka na kombe.

Mkwaju huo kila mwana Simba anaujua. Mpigaji je? Aliugua kwa muda mrefu, akafariki dunia Dodoma, Februari 2015. Hakuwa mzee. Alikuwa na umri ambao wenzake walikuwa bado wanafundisha timu na kulea watoto. Tuliusimulia mkwaju wake kwenye kahawa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hiyo yeye alikuwa anadhoofika.

Sisemi penalti ingemponya. Ninachosema ni kwamba ukimwuliza kijana wa leo orodha ya vipenzi wa Simba, atakutajia majina kumi na Christopher Alex hayumo. Nimejaribu kijiweni hapa Mhunze. Waliikumbuka Cairo, wakamkumbuka Kaseja, jina la mpigaji likatafutwa kwa simu!

Hayo ndiyo maoni yangu yasiyopendwa kuliko yote: huyu alitufanyia kikubwa kuliko Okwi na Boban kwa pamoja, na ndiye tuliyemlipa kidogo kuliko wote.

SISI WA KISHAPU TUNA USHAHIDI

Utaniuliza, kijana wa Mhunze haya yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Mwadui FC iko wilaya yetu hii hii, pale kwenye mgodi wa almasi. Jamhuri Kihwelo 'Julio', beki wa zamani wa Simba ambaye alikuwa msaidizi wa Kibadeni mwaka ule wa 2013, ndiye aliyeipandisha Ligi Kuu mwaka 2015. Msimu huo tuliwaona kwa macho yetu Jerry Tegete, Nizar Khalfan na Athuman Idd 'Chuji', vipenzi wa Yanga, wakipiga mpira kwenye jua la Kishapu kwa jezi ya Mwadui.

Hapo ndipo unapojifunza kwamba staa wa zamani ni mtu. Anatoka jasho, anauma mguu, anatafuta mkwanja wa ada za watoto. Ukiwa mbali unamwona kwenye picha ukutani, akija kwenu unamwona akipungua kasi.

Na sisi nasi ugonjwa ni ule ule. Msimu wa 2018/19 Salim Aiyee aliifungia Mwadui mabao 18 kwenye Ligi Kuu, timu ikanusurika kwenye mechi za mchujo dhidi ya Geita Gold. Mabao 18 kwenye timu inayopigania kutoshuka! Angekuwa amefunga moja tu dhidi ya mtani akiwa Msimbazi au Jangwani, watoto wa hapa wangeitwa Aiyee. Mwadui ikaja kushuka mwaka 2021, Stand United ya Shinyanga ilishatangulia mwaka 2019, na leo majina yao yanafutika kama chaki kwenye mvua.

TUFANYEJE BASI?

Mimi siyo kiongozi wa klabu, lakini ushauri ni bure. Kila mwaka kuna Simba Day, uwanja unajaa, jezi zinauzwa. Siku hiyo itengwe sehemu ya kiingilio, hata ndogo, iende kwenye matibabu ya waliotuvalia jezi. Na isipangwe kwa nani alifunga Yanga. Ipangwe kwa nani anaumwa.

Kwa upande wetu sisi wa vijiweni, naweka sheria ndogo. Kabla hujabishana kuhusu mchezaji wa zamani, jibu kwanza maswali mawili: yuko wapi leo, na hali yake ikoje? Ukishindwa kujibu, nyamaza, wewe ulipenda bao tu.

Wana Yanga mnaochekelea kwenye kona, msijifanye watakatifu. Orodha yenu ninayo, na wiki yoyote mhariri akinipa nafasi naianika.