Bushi ya konrodi: mlio mdogo, hasara kubwa

Katika vijiji vya Afrika Mashariki visivyofikiwa na umeme, unga wa ugali mara nyingi hutegemea injini moja ya dizeli. Injini hiyo ikisimama, mahindi hubebwa hadi kijiji cha pili. Kipande kidogo kinachoweza kuisimamisha ni bushi ya mkono wa pistoni, ambao mafundi huuita konrodi.

Bushi hiyo ni bomba fupi, kwa kawaida la shaba nyeusi, lililoshindiliwa katika tundu la juu la konrodi. Ndani yake hupita pini inayoiunganisha konrodi na pistoni. Huliwa na oili chafu au pungufu, mzigo uliopita kiasi, au umri.

Dalili

Bushi iliyolika hutoa mlio mkali na mwepesi, kama wa nyundo ndogo, hasa injini inapozunguka polepole bila mzigo. Mlio mzito unaokua kadiri mzigo unavyoongezeka huashiria zaidi beringi za chini, zinazoshika kranki. Hata hivyo, sikio pekee halitoshi: pampu ya dizeli isiyopigwa taimingi sawasawa nayo huifanya injini igonge.

Ushahidi hupatikana injini ifunguliwapo. Pini na bushi hupanguswa oili yote, kisha pini husukumwa juu na chini. Ikicheza, hata kwa kiasi cha kuhisiwa na vidole tu, bushi imelika. Nafasi inayoruhusiwa huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi.

Kubadilisha

Bushi ya zamani hutolewa kwa presi, si kwa nyundo, kwani mapigo yaweza kuiharibu konrodi. Tundu la oili la bushi mpya sharti lilingane na lile la konrodi. Yakipishana, oili haipiti na bushi huungua upesi. Kisha bushi huchongwa kwa rima hadi pini, ikiwa na oili kidogo, iingie kwa kusukumwa na dole gumba bila kuanguka yenyewe. Konrodi nayo hupimwa isije ikawa imepinda, na pini iliyolika hubadilishwa, la sivyo itaila bushi mpya.

Wapo wanaotia oili nzito zaidi ili kuunyamazisha mlio. Mlio hupungua, lakini bushi huendelea kulika, na konrodi ikikatika huweza kuitoboa bloku. Hapo gharama si tena ya bushi, bali ya injini nzima.